Kwa nini K moja haitoshi: kupanga vigae, ubao na maneno ya mchezo wa Kiswahili

Swali: "Hujambo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Donholm. Tangu likizo ya Aprili tumekuwa tukicheza mchezo wa maneno mtandaoni, ule wa kupanga herufi kwenye ubao, kila mtu na simu yake. Mchezo wenyewe unaruhusu mtu kuunda ubao wake, kuchagua idadi ya vigae na alama zake, hata kuweka orodha yake ya maneno. Nikasema tucheze kwa Kiswahili. Imekuwa vita. Q na X zinabaki mkononi hadi mwisho, mtu akitaka kuandika 'kuku' hapati K ya pili, na kila siku tunabishana kama 'anapika' ni neno au ni sentensi. Mume wangu anasema tuondoe Q na X, yaishe. Kifungua mimba wangu wa miaka 16 anataka ubao wa miraba 21 kwa 21 uliojaa bonasi. Binti yangu wa katikati ameshaamua kwamba Kiswahili hakifai kwa mchezo huu, turudi kwa Kiingereza. Na mdogo wao, wa Gredi ya 4, huchanganya b na d, na saa ikianza kuhesabu huniambia amechoka. Nifanyeje? Na je, tukiupanga vizuri naweza kuwapa wazazi wengine wa shule yetu nao wautumie?"

Dada yangu, sijambo. Umeuliza mengi kwa pamoja na nitayagusa yote, ila si kwa uzito sawa. Nianze na binti wa katikati, kwa sababu yeye akikata tamaa mchezo umekwisha. Kiswahili kinafaa sana kwa mchezo huu. Kisichofaa ni mfuko mnaochota vigae. Mnacheza Kiswahili kwa vigae vilivyohesabiwa kutoka kwenye magazeti ya Kiingereza ya Marekani, na lugha nyingine yoyote ingekwama pale pale mlipokwama.

Alfred Butts alikuwa msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi uchumi wa Marekani ulipoporomoka miaka ya 1930. Alipokuwa akibuni mchezo uliokuja kuitwa Scrabble, alikaa na magazeti, New York Times likiwamo, akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Ndiyo sababu mfuko wa Kiingereza wa vigae 100 una E 12, A 9 na I 9, huku Q ikiwa moja tu, yenye alama 10. Herufi inayotumika sana ikapewa vigae vingi na alama chache, na ile adimu ikapewa kigae kimoja na alama nono. Lakini hakuifuata hesabu kama kipofu. S ni nyingi mno kwa Kiingereza, naye aliweka nne tu, kwa kuwa S hubandikwa mwishoni mwa karibu kila nomino kuleta wingi, na mchezo ungekuwa mwepesi kupita kiasi. Shika hilo la S, tutalihitaji hapo mbele.

Sasa chukua sentensi ya kawaida ya nyumbani kwako: "Watoto wetu wanacheza mchezo wa maneno kila jioni baada ya chakula." Ina herufi 56. Kati ya hizo, A ni 13. O ni 5, E ni 4, I ni 3 na U ni 2, kwa hiyo vokali zote ni 27, karibu nusu ya sentensi. S haimo hata moja, wala R. Sentensi moja haiwezi kutawala mfuko mzima, lakini keti na ukurasa wa Taifa Leo na kalamu, utaiona sura hiyo hiyo: A iko mbele peke yake, nyingine zinaifuata kwa mbali. Silabi zetu nyingi ni konsonanti kisha vokali, na neno la Kiswahili likifika mwisho, mara nyingi mno linaishia kwa vokali. Ukichota herufi saba kwenye mfuko wa Kiingereza, ambao vokali zake ni 42 kati ya 100, unapungukiwa A na kujaziwa E. Hiyo ndiyo hali ya "sina neno" ambayo bintiyo anadhani ni ya Kiswahili.

Halafu kuna K. Kwenye mfuko wa Kiingereza K ni moja, nayo ina alama 5. Kwetu K ndiyo inayobeba ki-, ku-, ka- na kwa. Bila kigae tupu, kile kisicho na herufi kinachosimama badala ya herufi yoyote, huwezi kuandika kuku, kaka, kikombe wala kikapu. Na hata pale neno linapoandikika, angalia alama zinavyopotoka. "Wewe" linakupa 10 kwa sababu W ni herufi ya alama 4 kwa Kiingereza, na "asali", ambalo lina urefu zaidi na linahitaji A mbili, linakupa 5. Hapo alama hazipimi tena ugumu wowote. Zinalipa bahati, na watoto huwa wepesi kuona mahali ambapo juhudi hailipwi.

Kwa hiyo ushauri wa mzee wa nyumba si mbaya, ila unatatua sehemu ndogo kuliko zote. Ondoa Q na X, sawa, na hazitawarudia tena. Lakini vigae 98 vinavyobaki bado vina K moja, na E zinazozidi A. Mtaacha kugombania Q, muanze kugombania kingine.

Njia ya haki ni ile ile ya Butts, nanyi mnaweza kuifanya jioni moja. Kila mtoto apewe aya moja ya habari ya gazeti, ahesabu herufi, kisha mjumlishe. Mkifikisha herufi 1,000 mtakuwa na picha nzuri. Kuna mtego mmoja tu. Maandishi ya Kiswahili yamejaa vineno vifupi vinavyorudiarudia, wa, ya, na, kwa, za, na vyote vinavimbisha hesabu ya baadhi ya herufi. Rudi kwenye sentensi yetu: W zake nne, katika watoto, wetu, wanacheza na wa, zote zimeletwa na ngeli. Kwenye ubao watu hawaandiki "wa" mara ishirini. Basi W na Y zipunguzeni kidogo kuliko hesabu inavyodai, na nafasi hizo mzipe konsonanti zinazojenga mashina ya maneno.

Huu hapa mfuko wa kuanzia ninaoupendekeza, wa vigae 100. A ziwe 19, I 9, U 8, E 6, O 5. N ziwe 6, K 5, M 5, W 4. L, T, H na S ziwe tatu tatu. Y, Z, R, B, G, D, P na CH ziwe mbili mbili. J, F na V moja moja. Vigae tupu viwili. Kwa alama, vokali zote tano pamoja na N, K, M na W zipewe 1. L, T, H na S zipewe 2. Y, Z, R, B na G zipewe 3. D, P na CH zipewe 4. J ipewe 5, F 6, V 8. Kwa mfuko huu "kuku" ni alama 4, inavyostahili, na mwenye kuandika "vijana" anapata 17, kwa kuwa ametumia V na J kwa mpigo. "Dada" na "pipi" zinawezekana. "Kijiji" bado linahitaji kigae tupu, na kama jambo hilo linawaudhi, ongezeni J ya pili na mpunguze A moja. Chezeni kwanza wiki mbili tatu kabla ya kurekebisha, maana mchezo mmoja mbaya unaweza kuwa bahati mbaya tu.

Msione ni kitu kigeni kubadilisha vigae namna hii. Toleo la Kifaransa lina E 15, na K na W zina alama 10 kila moja kwa sababu Wafaransa hawazihitaji sana. Kwa Kipolandi Z, ambayo Waingereza wameipa alama 10, ina alama 1. Kiitaliano kina vigae 120. Kila lugha iliyouchukua mchezo huu ilijishonea nguo kwa vipimo vyake yenyewe.

Utaona nimeifanya CH kuwa kigae kimoja. Kwenye Kiswahili sanifu C haisimami peke yake, daima iko na H, kwa hiyo kigae cha C pekee ni sawa na kushika nusu ya herufi ukimngoja mwenzako alete nusu nyingine. Kihispania kilifanya hivyo kwa CH, LL na RR, na Kiwelisi kina vigae kadhaa vya herufi mbili. Kama mchezo wenu haukubali kigae chenye herufi mbili, kubalianeni kwamba C inasomwa CH, na kwenye orodha yenu ya maneno muandike "mcezo" na "cakula". Inaonekana vibaya kwa siku mbili za kwanza, baadaye macho yanazoea. Sh, th, dh, gh, kh, ny na ng ziacheni ziundwe kwa vigae viwili, kwa kuwa S, T, D, G, K na N zina kazi nyingine nyingi. Ndiyo sababu H nimeiachia tatu hata baada ya CH kupata kigae chake. Ng' ya ng'ombe isiwapotezee muda. Iandikeni bila alama ya juu, na mnapolitamka mlitamke sawasawa. Programu nyingi hukataa alama ile kwenye orodha, na hakuna faida ya kupigana nayo.

Sasa "anapika". Hapa ndipo penye kazi halisi, kwa sababu ugomvi wa herufi unaisha kwa hesabu, lakini ugomvi wa nini kihesabiwe kuwa neno hauishi bila ninyi kukaa chini na kukubaliana kabla ya mchezo. Anayesema "anapika" ni sentensi ana hoja: mtenda, wakati na kitendo vyote vimo. Anayesema ni neno naye ana hoja: linaandikwa pamoja, bila nafasi katikati. Mkikimbilia kamusi, hata Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Tanzania, mtakuta "pika" na si "anapika", na hiyo haina maana kwamba "anapika" ni kosa. Ni kwamba haiwezekani kuorodhesha. Chukua nafsi sita na viambishi vinne vya wakati, na, li, ta na me: tayari una maumbo 24 ya kitenzi kimoja. Yakanushe, unapata 24 mengine. Weka mtendwa katikati, anampika, anakipika, anavipika, kisha ukumbuke kwamba mtenda naye anaweza kuwa wa ngeli yoyote, na kitenzi kimoja kimezaa mamia.

Mna njia tatu. Ya kwanza ni kukubali tu yaliyoandikwa kwenye kamusi kama vidahizo, yaani maneno yanayoorodheshwa na kufafanuliwa. Faida yake ni kwamba mwamuzi ni mmoja na hakuna mjadala. Hasara yake, kwangu mimi ni kubwa: mnawafundisha watoto kwamba Kiswahili wanachokisema kila siku si neno. Hata "watoto" linaweza kukataliwa na mwenye ukaidi, kwa kuwa kidahizo cha kamusi ni "mtoto".

Ya pili ni kukubali kila umbo sahihi la kitenzi. Hii ndiyo Kiswahili kamili, na watu wazima waliokolea huifurahia. Lakini tazama kinachotokea kwenye alama. Kwa kanuni za kawaida, anayeweka vigae vyote saba kwa mkupuo mmoja hupata bonasi ya 50. Kwa Kiingereza hilo ni tukio la kujivunia. Kwa Kiswahili "anasoma" ni herufi saba kamili. "Alisema" saba. "Atakuja" saba. "Tutaona" saba. Na zimejaa vokali ambazo ndizo mlizonazo kwa wingi. Mtu mwenye ana-, ali- au ata- mkononi anangoja tu shina la herufi nne. Basi bonasi ya 50 inageuka mvua, na anayeshinda ni aliyenyeshewa na mvua mara nyingi. Mkichagua njia hii, bonasi ishusheni hadi 20, na mkataze viambishi vya mtendwa, la sivyo orodha haina mwisho.

Ya tatu ndiyo ningeichagua kwa nyumba yenye watoto wa umri tofauti. Nomino zikubaliwe kwa umoja na wingi, pamoja na -ni ya mahali: shuleni, sokoni, nyumbani. Vivumishi vikubaliwe na viambishi vyake vyote vya ngeli: mzuri, kizuri, vizuri, pazuri. Vitenzi vikubaliwe bila nafsi wala wakati, lakini kwa mnyambuliko wowote wa kweli, pika, pikwa, pikia, pikisha, pikika, pamoja na amri ya wengi kama pikeni, na umbo la ku- kama kupika, kwa sababu hilo husimama kama nomino: kupika kwake ni kuzuri. Kwa njia hii watoto wanafanya kazi ya kweli ya lugha. Mtoto anayetafuta mahali pa kuweka W anajiuliza kama "somwa" ni sahihi, na huko kujiuliza ndiko kunakofaa. Bonasi ya vigae saba iacheni 50, itakuwa adimu tena.

Kuhusu Sheng, najua itaulizwa, maana huyo wa miaka 16 hatanyamaza. Ushauri wangu ni siku maalum. Ijumaa Sheng ruksa, siku nyingine ni sanifu. Mkichanganya, kila neno litakalotiliwa shaka litatetewa kwamba "mtaani wanasema". "Matatu" lisigusiwe, hilo limo kwenye kamusi.

Kama mchezo wenu unaruhusu kuzima ukaguzi wa maneno, uzimeni. Orodha kamili ya Kiswahili ya kupakia ni kazi ya miezi, na programu ikikataa neno halali mbele ya mtoto inamvunja moyo bila sababu. Tumieni kanuni ya kupinga: anayetilia shaka anasema, kamusi inafunguliwa, na aliyekosea kati ya wawili anapoteza zamu. Mtashangaa jinsi watu wanavyoacha kupinga ovyo ikiwa kupinga kuna gharama. Maneno yaliyokubaliwa baada ya mjadala yaandikeni kwenye daftari moja, na baada ya muda mtakuwa na orodha yenu.

Sasa ile S ya Kiingereza. Kwa Kiingereza neno hurefushwa zaidi kwa nyuma. Kwetu hurefushwa kwa mbele. Mtu akiandika "lima", mwenye M analigeuza "mlima". "Lango" linakuwa mlango, "huru" linakuwa uhuru, "moja" linakuwa umoja. "Zima" linapokea M, U au N, zote sahihi. Kigae kimoja mbele ya neno la mwenzako, nawe unavuna alama za neno zima na za neno lako jipya linalopita hapo. M na U ndizo funguo za ubao wa Kiswahili. U ni vokali, hatuwezi kuinyima nafasi, lakini M ibaki tano hata gazeti likiwashawishi kuongeza. Na wafundishe watoto jambo linalotokana na hili: neno lililoanzia ukingo wa kushoto haliwezi kurefushwa tena kwa mbele. Ukitaka kulinda neno lako, lianzishe huko. Ukitaka mchezo ufunguke, acha mraba mmoja mbele yake.

Kijana wa 21 kwa 21 naye nimjibu kwa hesabu. Ubao wa kawaida ni 15 kwa 15, miraba 225, kwa vigae 100. Vigae vinajaza chini kidogo ya nusu ya ubao, na uwiano huo ndio unaofanya maneno yakutane. Ubao wake una miraba 441. Mkiweka vigae vile vile 100, mnajaza chini ya robo, maneno yanatawanyika, na zile bonasi za pembeni hakuna anayezifikia. Toleo kubwa la Scrabble lenye miraba hiyo 441 huuzwa na vigae 200, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo akitaka ubao wake, na azidishe mfuko mara mbili, na atenge jioni nzima. Kwenye simu ningeenda upande wa pili: 11 kwa 11, miraba 121. Kila idadi niliyoitaja igawe kwa mbili, nusu ukiipata ipandishe, za moja zibaki moja, na utapata vigae 56. Mchezo unakwisha haraka, miraba inaonekana bila kukodoa macho, na mdogo wao hachoki. Bonasi nazo zisijae. Ubao wa kawaida una miraba 61 yenye bonasi kati ya 225, na kundi kubwa zaidi ni la kuzidisha herufi moja mara mbili tu. Ile nyekundu ya kuzidisha neno mara tatu ni minane pekee. Ukiijaza kila mahali, kila zamu inalipa na ustadi hauonekani.

Utaniuliza kama mchezo utawafundisha Kiswahili. Utawafundisha tahajia na maumbo ya maneno, na hilo si dogo. Maana hautawafundisha peke yake. Nigel Richards, mtu wa New Zealand, alishinda ubingwa wa dunia wa Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, kwa kuwa alikariri orodha ya maneno, na mwaka 2024 akashinda ule wa Kihispania vivyo hivyo. Kwa hiyo wekeni kanuni moja nyumbani: anayeweka neno alitumie kwenye sentensi kwa sauti. Akishindwa, neno linabaki lakini alama zinapungua nusu. Babu au shangazi akiwa mgeni wenu jioni hiyo, mpe kazi ya kuamua. Watoto watasikia maneno ambayo hayamo kwenye vitabu vyao vya shule.

Kuwapa wazazi wengine mpangilio wenu, idadi ya vigae, alama na kanuni zenu, hakuna tatizo lolote. Epukeni mambo mawili tu. Msiuite Scrabble mnapousambaza, kwa sababu jina hilo ni alama ya biashara, ya Hasbro kule Marekani na Kanada, na ya Mattel kwingineko, Kenya ikiwamo. Ndugu wawili wa Kolkata waliwahi kuweka mchezo wao uitwao Scrabulous kwenye Facebook, ukapendwa mno, na mwaka 2008 ukaondolewa Marekani na Kanada baada ya kushtakiwa. Na msinakili kamusi ya mtu mzima mzima kuwa orodha ya kupakia. Daftari lenu linatosha. Siku mtakapofikiria kutoza pesa, msitegemee maandishi yangu. Muoneni wakili, au mfike ofisi za KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara Kenya, mkaulize habari za majina na alama za biashara. Watoto wa shule wakianza kucheza pamoja, tumieni chumba cha faragha na mzime gumzo na wageni.

Nimeuweka mwisho mdogo wako wa Gredi ya 4 kwa sababu jambo lake linahitaji utulivu. Watoto wengi huchanganya b na d wanapoanza kusoma, na kwa kawaida huwatoka wakifika miaka saba hivi. Kwa umri wake, na hasa kwa kuwa ameanza kukwepa, usilipuuze, wala usimwite mvivu. Mchezo haujamletea tatizo hili na hautaliponya, lakini unaweza kumpunguzia uchungu. Angalia vigae vyenu: vikiwa vya herufi ndogo, badilisha viwe herufi kubwa, kwa maana b na d ni kama moja iliyogeuzwa, ilhali B na D hazifanani hivyo. Zima saa kabisa anapokuwepo. Mpe mwenzi, acheze upande mmoja nawe, yeye apendekeze neno, wewe uburute vigae. Usimsahihishe mbele ya ndugu zake.

Lakini kujua chanzo kunahitaji mtu wa kumwona ana kwa ana. Mimi ni mtu wa maneno, na kutoka hapa siwezi kutofautisha macho yenye kasoro, disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika), na mtoto ambaye amekosa mazoezi tu. Anza na mwalimu wake wa darasa, umuulize kama anaona hali hiyo kwenye maandishi pia na kama ameachwa nyuma katika kusoma kwa sauti. Mpeleke apimwe macho, hata kama hajalalamika, kwa sababu mtoto hajui wengine wanaona vipi. Kisha, kama macho ni mazima na shida ipo bado, omba shule ikuelekeze kwenye kituo cha EARC kilicho karibu nanyi, ambako watoto hupimwa uwezo wa kujifunza na mzazi hupewa mwongozo. Beba madaftari yake ya muhula huu na uliopita, ya Kiswahili na ya Kiingereza, yote mawili, ili waone kama makosa yanajirudia kwa lugha zote mbili.